Seli ya Kongoro na Hadubini Tano

Jumatatu, 11 Agosti

Siku kubwa. Kikao cha walimu saa nne, chai ya tangawizi, andazi moja kwa kila mtu. Praygod alichukua mawili. Mkuu wa shule, Mwalimu Gaudens, akasimama na kutangaza kwamba Jumamosi hii ni Siku ya Sayansi, na mgeni rasmi ni Mzee Husseinali, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambaye mjukuu wake anasoma kwetu. Mzee haji mikono mitupu. Analeta hadubini tano. Mpya, zenye taa zake ndani. Zitapewa idara itakayoonyesha vizuri zaidi jinsi seli hai ilivyo.

Nikasimama kushukuru. Nilikuwa nimeshafika kwenye "kwa niaba ya idara ya biolojia" ndipo nikaona mkono wa Praygod uko juu.

Praygod anafundisha kemia. Seli inamhusu nini? Akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi kuliko kelele, kwamba seli ukiivua nguo zote utakuta maji, chumvi, mafuta, protini na sukari, na hivyo vyote ni kemia. Nikamwambia hata yeye ukimvua utakuta hivyo hivyo, lakini hatumwiti chupa ya maabara. Walimu wakacheka. Mkuu hakucheka. Akasema idara zote mbili zishindane.

Haya. Niandike ukweli hapa, kwa kuwa daftari hili nalificha chini ya vitenge. Shule yetu ina hadubini moja. Kioo chake kimepasuka, na kilikuwa hivyo tangu nilipoajiriwa. Mwanafunzi akichungulia anaona kope zake mwenyewe, nami namwambia vizuri sana, chora. Nimefundisha seli miaka kumi na moja. Nimeichora ubaoni kwa chaki za rangi mpaka naweza kuichora nimefumba macho. Sijawahi kuiona hata moja. Chuoni tulikuwa arobaini kwa hadubini moja, na zamu yangu ilipofika umeme ukakatika.

Hizo tano nikizipata zitakaa mezani, kila mtoto achungulie, na mimi nichungulie wa kwanza. Praygod akizipata atazifungia kabatini pamoja na asidi zake. Praygod hufungia kila kitu, hata kijiko cha chai. Kwa hiyo lazima nishinde. Watu husema Wahaya tuna majivuno. Wanatusingizia. Sisi tunataja tu mambo yalivyo, na jambo lilivyo ni kwamba mimi ndiye bora.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata!

Clara, mdogo wangu, ambaye ni karani na tunaishi naye hapa Sinza, jana alibakiza supu ya kongoro kwenye sufuria. Asubuhi nimeifunua, imeganda. Nikaitikisa. Ikatetemeka yote kwa pamoja, laini, inapitisha mwanga. Saitoplazimu tupu, ule ute unaojaza seli. Nilikuwa naifundisha kwa mdomo miaka yote, kumbe ilikuwa jikoni kwangu. Nikamwamsha Clara nimwonyeshe. Akasema ile ni supu yake na niirudishe ilipokuwa.

Mpango: Praygod ataleta michoro, watu wa kemia hawana ubunifu. Mimi nitaleta seli ya mmea yenye ukubwa wa beseni, seli ya kushikwa, kila kilichomo ndani kinaonekana.

Baada ya vipindi nikaenda Vingunguti na ndoo. Pale nje ya machinjio nikaomba miguu kumi na sita. Muuzaji akauliza shughuli ni ya harusi au msiba. Nikamwambia ni ya sayansi. Akanipa pole.

Nimechemsha uani kwa mkaa tangu saa tisa alasiri. Ngozi na mishipa ya mguu wa ng'ombe imejaa protini ndefu zilizosokotwa kama kamba. Ukizichemsha zinafumuka. Zikipoa zinajisokota upya ovyo ovyo na kuyanasa maji katikati. Ndiyo maana kongoro huganda. Nilimweleza haya yote Clara, naye akaendelea kupaka rangi kucha. Wateja wa baa ya jirani wakaifuata harufu. Mmoja alikuja na bakuli lake kutoka nyumbani. Niliwafukuza kwa heshima. Baadaye nikagundua Clara amewagawia bakuli tatu kupitia dirishani, hivyo nina miguu kumi na mitatu hivi ya ushindi.

Nimechuja mara nne, nimeengua mafuta, nimetia sukari, vanila na rangi ya waridi. Clara ameonja. Anasema ni supu iliyojipulizia marashi kwenda harusini. Hana jicho la kisayansi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeikusanya seli yangu jikoni shuleni. Niandike kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Ukuta wa seli: beseni la plastiki angavu. Utando: nailoni laini niliyoitandika ndani ya beseni. Kiini: tufaha jekundu, kwa sababu kiini ndicho kinachotoa amri, na jekundu lina amri. Kloroplasti, zinazonasa mwanga wa jua: zabibu za kijani. Ribosomu: ufuta, mwingi. Vakuoli: puto lenye maji. Zile kuta zilizokunjwakunjwa ambazo wanafunzi hawazipendi kwa sababu ya jina lake refu: tambi. Na mitokondria, jiko la seli, mahali sukari inapochomwa ili nguvu ipatikane: vipande vya nanasi na papai nilivyovichonga kwa kisu kidogo, thelathini na viwili, kila kimoja na mikunjo yake. Nilitokwa jasho. Vilipendeza mpaka nikaita watu.

Rosalia, mpishi wa shule, aliniambia stoo kuna nanasi la kopo, kwa nini nisumbuke kumenya. Nikakataa. Mashindano ni ya seli hai, na matunda yawe hai.

Rosalia ndiye mwenye ufunguo wa friji, na friji ni moja. Nimemwomba aondoe dagaa, akaondoa, lakini kwa kunung'unika. Nikamimina kongoro langu tamu lililoyeyushwa, likafunika kila kitu, nikafunga mlango. Dakika tano baadaye akaja Praygod kuuliza kama kuna nafasi ndogo. Nikamwambia friji imejaa. Sikudanganya.

Kisha nikaenda kumpeleleza, kwa kuwa adui lazima umjue. Kwenye kabati la ofisi ya walimu kuna mitungi sita ya kioo, kila mmoja una yai ndani ya siki. Mayai yanatoa povu dogo dogo. Nikaelewa papo hapo. Siki inalila ganda, yanabaki mayai uchi, yameshikiliwa na utando peke yake, na utando huo unapitisha maji kama wa seli. Ni kazi ya werevu. Ni werevu wa wizi, maana habari za utando ni somo langu, mada ya tatu, mimi ndiye niliyeifundisha.

Alhamisi, 14 Agosti

Balaa.

Saa moja asubuhi nimefungua friji. Hakuna seli. Kuna uji wa waridi, tufaha linaelea, ufuta umezama, puto limekaa upande kama mlevi, na mitokondria yangu thelathini na miwili inaogelea. Nilifunga mlango, nikaufungua tena. Ni ule ule.

Nikajua ni nani. Nikaenda ofisini kwa Mkuu, nikamleta jikoni, nikatuma aitwe Praygod, na mbele ya Rosalia nikasema wazi kwamba kuna mtu alichomoa waya wa friji kwa wivu. Praygod akafungua friji. Aligusa barafu ya juu, iko ngumu. Akachukua kijiko. Akaonja seli yangu! Akafikiri kidogo, halafu akauliza kwa upole kama nanasi na papai vilikuwa vya kopo au vilimenywa jana.

Nikamjibu kwa fahari kwamba vilimenywa jana.

Akasema basi ndilo jibu. Nanasi na papai visivyopikwa vina vimeng'enya vinavyokata protini vipande vipande, na kongoro lote ni protini. Seli imejila yenyewe usiku kucha. Rosalia akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akasema, "Madam, si ndo maana tunapaka papai kwenye nyama ya mishkaki ilainike? Hata mie wa darasa la saba nalijua hilo." Mkuu akauliza kama vimeng'enya si ndiyo ile mada niliyofundisha wiki iliyopita, akiwa amekaa nyuma ya darasa kunikagua.

Nikasema nilijua. Nikasema lilikuwa jaribio la makusudi, kuona nani atagundua. Hakuna aliyeniamini isipokuwa Praygod, ambaye alisema hongera kwa jaribio zuri. Hiyo hongera yake imenichoma kuliko kicheko cha Rosalia.

Nilikaa maabara peke yangu kipindi kizima. Hasira zilinipanda. Nikazifikiria hadubini tano ndani ya kabati la asidi, na mimi nikichora duara ubaoni miaka kumi na moja mingine. Saa tisa alasiri, walimu walipokuwa msikitini na wengine kwenye mpira, nikalifungua kabati la mitungi, ambalo pale ofisini halina kufuli. Mayai yalikuwa tayari hayana ganda, Praygod ameyahamishia kwenye maji safi, yamejaa, yamenenepa, yanapendeza. Sipendi kuandika nilichofanya. Nimemwaga maji na kutia sharubati nzito ya sukari, ili osmosisi iyanyonye maji yao, yabaki mikunjo mitupu. Sukari ilinitosha mitungi mitatu tu. Mitatu inatosha kumwaibisha.

Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha kiasi na aibu kiasi. Clara ameuliza nina nini. Nimesema malaria.

Ijumaa, 15 Agosti

Kikao cha dharura saa nne. Niliingia nimeshika moyo. Praygod ameweka mitungi yake mezani, mitatu yenye mayai manene, mitatu yenye mayai yaliyosinyaa kama zabibu kavu. Nikajiandaa kusikitika naye.

Akasimama akaomba amshukuru mwenzake mmoja asiyependa kujitaja. Alikuwa na mpango wa kutia sharubati kwenye mitungi mitatu, ili watu waone maji yanavyoingia na kutoka kwenye utando, lakini alikwenda kumwona mgonjwa Mbagala akasahau. Asubuhi amekuta kazi imeshafanyika, na sharubati imepimwa vizuri kuliko ambavyo angeipima yeye. Walimu wakapiga makofi. Mimi nikapiga makofi pia, kwa nguvu, ili nisijulikane.

Siku moja imebaki, sina seli. Kwenda tena Vingunguti, kuchemsha, kuchuja, hakuna muda. Clara ndiye aliyesema niende kwa Fatmabai, yule mama mjane mwenye duka la vitamu nyuma ya shule, maana jeli zake haziyeyuki hata juani. Nikaenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha kukoroga. Nikamweleza shida yangu ya papai. Akasema kila sikukuu anatia papai na nanasi kwenye jeli, tangu hajaolewa, na haijawahi kumkimbia. Yeye hatumii kwato. Anatumia unga wa mwani.

Nikamuuliza Praygod baadaye, kwa njia ya kuzunguka, eti kuna mtoto kaniuliza. Akasema mwani ni jamaa ya wanga, si protini, kwa hiyo papai linakosa cha kukata. Nilikuwa naelekea kulifikia jibu hilo mwenyewe.

Tumeitengeneza jikoni kwa Fatmabai. Niseme kazi ni yetu wawili, ingawa yeye alikoroga na mimi nilieleza. Ana misimamo huyu mama. Puto alilitupa, akasema puto haliingii kwenye kitu cha kuliwa. Nikamwambia si cha kuliwa. Akaniangalia kama nimemtukana, kisha akaweka dafu changa lililojaa maji yake mahali pa vakuoli. Akatia zafarani na maji ya waridi. Tambi akazikaanga kwa samli kwanza. Nailoni akaivuta, akasema jeli haikai kwenye beseni kama nguo zilizolowekwa, akaipindua kwenye sinia kubwa la fedha. Ikatoka nzima, duara, inang'aa, unaona kiini katikati na mitokondria imetulia kila mmoja mahali pake. Akazungushia nazi iliyokunwa pembeni, na lozi, na cheri nane juu. Nilitaka kumwambia seli haina cheri. Lakini ilikuwa nzuri mno, na mimi ni dhaifu mbele ya uzuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike kwa utaratibu maana bado mikono inanata.

Maturubai, viti vya plastiki, spika mbili, wazazi wamependeza. Mshereheshaji ni Brightson, mwalimu wa jiografia, ambaye Jumamosi zote nyingine husherehesha harusi na hajui namna nyingine ya kushika kipaza sauti. Mzee Husseinali akafika na hadubini tano kwenye masanduku, yakawekwa mbele, nami sikuweza kuangalia kitu kingine. Praygod amepanga mitungi yake kwenye meza yake. Seli yangu kwenye meza yangu, kitambaa cheupe, imefunikwa. Maelezo yangu yalikuwa kurasa kumi na nne. Nilipangiwa saa tano.

Saa tano kasoro, Brightson akafunua kitambaa achungulie. Akaona sinia la fedha. Akaona kitu cha duara, cha rangi, kina cheri. Nchi hii kitu hicho kina jina moja na kazi moja. Akashika kipaza sauti akatangaza kwamba umewadia ule wakati tuliokuwa tunausubiri, mgeni rasmi asogee akate keki.

Nikainuka. Muziki ukanizidi nguvu. Akina mama walikuwa wameshasimama, wanapiga vigelegele, wanamsindikiza mzee kwa kucheza taratibu hadi mezani. Rosalia akatokea na kisu chenye utepe. Sijui utepe aliutoa wapi. Nikapita katikati ya watu nikisema samahani, ile ni seli, samahani, ile ni seli, na kila niliyemwambia alinijibu ndiyo, imependeza. Brightson akahesabu moja, mbili, tatu. Mzee Husseinali akakata. Alipita kwenye kiini.

Nilitoa sauti ambayo sitaieleza hapa.

Baada ya kukata ni kulishana, hilo halizuiliki. Mzee akamlisha Mkuu, Mkuu akamlisha mzee. Halafu Brightson, kwa ujinga wake mtakatifu, akasema sasa idara ya biolojia imlishe idara ya kemia kuonyesha upendo. Watu mia tatu wanatazama. Nikachukua kijiko, nikachota mitokondria mmoja, nikamlisha Praygod. Akafumba macho. Akasema ni tamu. Kisha naye akanichotea, akachagua kipande chenye tambi na zabibu, akanilisha kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaushika wa kulia kwa heshima. Ilikuwa tamu kweli. Machozi yalikuwa yananitoka, na watu wakadhani ni furaha.

Rosalia akawagawia wanafunzi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na mimi sikuyageuza. Kidato cha tatu wakaanza kugombana. Mmoja akalalamika kapewa ukuta mtupu, hakuna kilichomo. Mwingine akasema yeye haondoki bila kloroplasti. Elinaza, mwenyekiti wa klabu ya biolojia, akasimama juu ya kiti akawaambia wapange foleni, kiini kimekwisha, waliobaki wachague. Mzee Husseinali akasikia. Akamwita msichana mdogo mwenye sahani, akamuuliza anakula nini. Akamjibu, "Shikamoo babu. Nakula ribosomu. Hapa ndo protini zinatengenezwa, ila ukila nyingi zinaganda kwenye meno."

Mzee akaacha kutafuna. Akawauliza watoto kumi, mmoja mmoja, na kila mmoja akataja alichoshika na kazi yake. Nilisimama pale nikiwasikia. Ni sauti yangu waliyokuwa wakiitumia, maneno yangu ya ubaoni, yale niliyodhani yanaingilia huku na kutokea kule. Niliwapenda wote, hata yule anayelalaga kipindi cha mwisho.

Halafu mzee akaenda kwa Praygod. Akashika yai nene, akashika yai lililosinyaa, akalibonyeza kwa kidole, akacheka kama mtoto. Akauliza maji yamepita wapi na tundu halionekani. Praygod akamweleza kwa dakika tatu. Dakika tatu tu, na mimi niliandika kurasa kumi na nne.

Hukumu. Mzee akasema yeye hawezi kuchagua kati ya alichokishika na alichokila, hasa kwa kuwa alichokila hakipo tena. Akasema marehemu baba yake na baba yake mdogo walikuwa na duka moja na ugomvi mwingi, na kilichowapatanisha ni kabati lenye makufuli mawili, kila mmoja ana ufunguo wa kufuli lake, halifunguki mpaka wote wawe wamekuja. Kwa hiyo hadubini ni za idara zote mbili. Kabati ameshaagiza.

Nusu ya ushindi. Lakini hadubini zipo. Nimezigusa.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani. Mama mmoja wa kwaya ameniuliza kama ninapokea oda za seli. Binti yake ana kichen pati mwezi ujao, anataka ya zambarau. Nimemwambia mimi ni mwanasayansi. Nimemwambia pia nitamjulisha.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeiona.

Kabati liliwekwa maabara saa moja. Praygod akaja na ufunguo wake, mimi na wangu, tukafungua pamoja bila kuangaliana. Nikamenya ngozi nyembamba ya kitunguu, ile inayotoka kama karatasi ya kuchorea, nikaitandaza kwenye kioo. Nikachungulia. Mwanga mtupu, na mistari iliyofifia. Nikasema imeharibika. Praygod akasema ngoja, akaleta chupa ya ayodini kutoka kwenye lile kabati lake la kufungafunga, akadondosha tone moja pembeni. Akasema nichungulie tena.

Vyumba. Vyumba vingi, vimepangana kama nyumba za mtaa ambao mtu aliupima kwa kamba, kila kimoja na ukuta wake, na ndani ya kila kimoja nukta moja ya kahawia, imetulia. Viini. Havikuwa vyekundu. Havikuwa katikati hata kimoja, vyote vimesogea pembeni, na miaka kumi na moja mimi nimekuwa nikiviweka katikati. Nikatazama mpaka jicho likauma, nikahamia jicho la pili. Nilifurahi kiasi cha kuogopa. Kitu nilichokisema kila mwaka kama mtu anavyosimulia nchi asiyowahi kufika, kumbe kipo, kipo kweli, kiko kwenye kitunguu cha Rosalia.

Nikalia. Niandike tu. Praygod akageuka dirishani akaanza kusafisha kioo ambacho kilikuwa safi.

Kidato cha tatu wakaingia, wakapanga foleni tano. Elinaza alichungulia, akarudi mwisho wa foleni bila kuambiwa, akachungulia tena. Mtoto mmoja akauliza kama na yeye ndani yake kuna hivyo. Nikamwambia ndiyo, seli nyingi kuliko watu wote waliopata kuzaliwa duniani. Hakuna aliyechora kope.

Kabla ya kufunga kabati nilimwambia Praygod kwamba bila ayodini yake nisingeona. Akasema bila kitunguu changu ayodini ingekuwa maji machafu tu. Tukacheka. Nimeamua kuanzia leo ni mtu mwingine. Sitapanga tena hila. Mtu aliyeona seli hana haja ya hila.

Jumatano, 20 Agosti

Tatizo dogo limejitokeza.

Nataka kuona seli ya shavu langu mwenyewe. Unakwangua ndani ya shavu kwa kijiti, unapaka kwenye kioo, basi. Lakini nataka kuiona peke yangu, asubuhi, kabla ya kengele, bila foleni na bila mtu kugeukia dirishani. Nayo haiwezekani, kwa sababu Praygod hufika saa mbili kamili, na kufuli lake halifunguki bila yeye.

Hii si hila. Ni usimamizi wa muda. Jana Praygod aliweka ufunguo wake mezani ili anawe mikono. Mimi nilikuwa na kipande cha sabuni ya mche mkononi, kwa bahati tu. Nikaubonyeza upande wa kwanza, nikaubonyeza upande wa pili, nikaurudisha. Alipogeuka nilikuwa namsifia shati.

Leo jioni nimeipeleka sabuni kwa fundi funguo hapa Sinza. Akaitazama, akaipindua, akatabasamu. Akaniuliza ninatoka shule gani. Nikamwambia. Akasema, "Sista, shule yenu mnaipenda sana sabuni. Majuzi tu kaja mwalimu mmoja, mpole kweli, na mche wake hivi hivi."

Mpole huyo namjua. Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, ananyemelea ufunguo wa mwenzake kwa sabuni! Na Jumatatu tulicheka pamoja kama watu. Kweli binadamu hawaaminiki.

Nimemwambia fundi akate nakala mbili. Kesho naweka kufuli jipya upande wangu. Sabuni nimeikata vipande viwili, kimoja nimekihifadhi kwa ajili ya ufunguo wake ujao, kwa kuwa Praygod akiona nimebadilisha na yeye atabadilisha, na siku hiyo nataka anikute sijalala.